Gari lililopita mikono mingi: dalili, vyanzo na pa kuanzia kuangalia

Gari ni namba C (herufi za usajili wake zinaanza na C), limeshapita kwa watu watatu au wanne, dashibodi inasoma kilomita 121,000 na muuzaji anaapa injini haijaguswa. Kilomita zinaweza kuwa za kweli, zinaweza kuwa zimerudishwa nyuma. Servisi ya mwisho hujui ilikuwa lini, wala hujui imewekewa oili gani. Mwongozo huu ni wa mwenye gari la namna hiyo. Nimeuandika nikiwaza magari madogo ya Toyota, IST, Vitz, Probox na Corolla, kwa kuwa ndiyo yaliyojaa barabarani kwetu na ndiyo niliyoyashika zaidi.

Kuna jambo lilinila pesa nyingi kabla sijalielewa. Kwenye gari la hivi, mara nyingi tatizo si kifaa kilichochakaa bali kilichochokonolewa: thamostati (valvu inayoongoza maji ya kupoza injini) iliyotolewa, waya ulioungwa pembeni ya swichi yake, taa iliyong'olewa balbu, oili nzito iliyowekwa kuficha moshi. Kwa hiyo katika kila dalili hapa chini, kabla hujanunua spea, tafuta kwanza mkono wa aliyekutangulia.

KABLA YA DALILI YOYOTE

Fungua mlango wa dereva uangalie nguzo ya mlango, kisha inua boneti. Magari mengi kutoka Japani huja na stika ndogo za gereji za kule, zenye tarehe na kilomita za kumwaga oili au kubadilisha mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu na pistoni ziende kwa mpangilio. Maandishi ni ya Kijapani lakini tarakimu zinasomeka. Mwaka huandikwa mara nyingi kwa hesabu ya enzi ya mfalme: kwa enzi ya Heisei jumlisha 1988, kwa Reiwa iliyoanza 2019 jumlisha 2018. Kwa hiyo 19.8.4 kwenye stika ya Heisei ni tarehe 4 Agosti 2007. Kwenye IST yangu nilikuta moja imefunikwa na vumbi karibu na bawaba ya mlango. Nilipoifuta kwa kitambaa chenye maji ilisoma 23.5.17, kilomita 143,200. Yaani mwaka 2011, likiwa bado Japani, gari lilikuwa limeshatembea kilomita elfu 22 zaidi ya zile 121,000 nilizouziwa miaka mingi baadaye.

Kisha zungusha ufunguo hadi ON bila kuwasha injini. Taa za injini, oili, betri, ABS na eabegi lazima ziwake zote, halafu zizime: ABS na eabegi zenyewe baada ya sekunde chache, nyingine injini ikishawaka. Taa isiyowaka kabisa kwenye ON huenda imezimwa na mtu, na hapo ndipo pa kuanzia uchunguzi wako.

Kama injini yako ina mkanda wa taimingi na huna ushahidi wa lini ulibadilishwa, badilisha sasa, pamoja na tensheni inayoukaza. Mkanda huwa na umri wa kama kilomita 100,000, nawe hujui umebaki na ngapi. Ukikatika, kwa baadhi ya injini pistoni hugonga valvu. Injini za 1NZ na 2NZ zilizomo kwenye IST na Vitz nyingi zinatumia cheni, hapo uhai wa cheni ni oili safi.

GARI LINACHEMSHA

Hapa nitakaa sana, maana hakuna kitu kinachoua injini haraka kama joto.

Kwanza la kufanya ukiwa barabarani. Mshale ukivuka ulipozoea kukaa, zima AC, washa hita hadi mwisho, tafuta pa kuegesha na uzime injini. Usifungue kifuniko cha rejeta. Maji ya ndani yana mgandamizo na moto wa kubabua uso. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu wa rejeta uminyike kwa vidole bila kukuunguza. Usimwagie injini maji ya baridi ikiwa na moto. Silinda hedi ni ya aluminiamu, itapinda. Kuna magari madogo, Vitz za mwanzo zikiwemo, yasiyo na mshale wa joto, yana taa ya bluu na nyekundu tu, na nyekundu huwaka mambo yakiwa yameshakuwa mabaya. Nunua kifaa kidogo cha OBD (kinachosoma kompyuta ya gari) kinachoungana na simu, kitakuonyesha joto kwa nyuzi. Injini nzima hukaa kwenye 85 hadi 95 hivi. Ikifika 105 na bado inapanda, simama.

Sasa vyanzo, nikianza na kinachokutwa mara nyingi zaidi.

Maji yamepungua. Asubuhi injini ikiwa baridi, fungua rejeta. Maji yasipofika shingoni, yanakwenda mahali. Tafuta madoa meupe au ya kutu kwenye viungo vya mipira, kwenye mshono wa lile tangi la plastiki la juu la rejeta (hupasuka kwa uzee), na chini ya pampu ya maji. Kifuniko cha rejeta nacho huchoka mpira wake. Ni spea ya bei ndogo, kibadilishe kabla ya yote.

Feni haizunguki. Dalili yake ni gari kuchemsha kwenye foleni na kupoa likianza kukimbia. Washa injini, washa AC; kwa magari haya feni lazima izunguke. Isipozunguka angalia fyuzi, kisha rilei, kisha mota yenyewe. Na fuata waya wake kwa macho. Ukikuta feni imeungwa moja kwa moja na swichi ya gari, izunguke muda wote, jua kuna mtu alikuwa anapambana na joto kabla yako, na chanzo chenyewe hakikutafutwa.

Thamostati imegoma, au haipo. Kwenye magari yetu "haipo" ni kawaida mno. Mara ya kwanza nilipopanda mlima Kitonga, njia ya Iringa, na IST yangu, joto lilipanda kabla sijafika nusu ya mlima, ingawa tambarare yote kutoka Morogoro gari lilikuwa baridi hata kupita kiasi. Fundi aliyekuwa akilihudumia gari hilo kabla yangu nilipomuuliza alinijibu kwa upole, "Dada, kile kidude ni cha nchi za baridi, huku kwetu hakina kazi." Aliamini alichosema. Lakini thamostati ya injini hizi ina kazi mbili. Inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na papo hapo inaziba njia ya mkato inayorudisha maji ya moto kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupita kwenye rejeta kabisa. Tambarare hutaona kitu zaidi ya mafuta kuliwa kwa wingi kwa sababu injini haipati joto lake. Mlimani ndipo unapolipa. Vitabu vya ufundi vya Toyota vyenyewe vinakataza kuitoa hata kama gari linachemsha.

Nilinunua mpya Gerezani, kwenye maduka ya spea Dar es Salaam, nikaijaribu jikoni kabla ya kuifunga. Niliining'iniza kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, nikawasha jiko. Maji yalianza kutoa vipovu vidogo pembeni, na kabla hayajachemka sawasawa ile sahani ya katikati ikaanza kuinuka polepole, kwanza unene wa ukucha, kisha zaidi. Nilipoitoa ilijifunga mbele ya macho yangu. Namba 82 iliyochongwa juu yake ni nyuzi inapoanza kufunguka. Maji yakichemka kabisa nayo haijasogea, irudishe dukani. Unapoifunga, kile kipini kidogo kinachochezacheza kikae juu, ndiko hewa inakotokea.

Rejeta imeziba. Nje huziba kwa tope na wadudu, na hapo maji ya bomba yenye mgandamizo mdogo yanatosha. Ndani huziba kwa kutu ya miaka ya kujazwa maji ya bomba badala ya kulanti, dawa ya rejeta inayozuia kutu. Maji yakiwa rangi ya chai ya rangi, mwaga, suuza mara kadhaa kwa maji matupu hadi yatoke meupe, kisha weka kulanti iliyochanganywa na maji yaliyochujwa madini. Usianze na kemikali kali za kuoshea. Kwenye injini iliyojaa kutu huamsha mivujo iliyokuwa imelala. Baada ya kujaza, acha injini iwake kifuniko kikiwa wazi na hita ikiwa imewashwa, uongeze maji hewa inapotoka, mpaka feni izunguke yenyewe.

Gasketi ya silinda hedi. Iweke mwisho, lakini usiikimbie. Vipovu visivyoisha kwenye shingo ya rejeta, mpira wa juu unaokakamaa dakika ya kwanza baada ya kuwasha injini baridi, oili iliyogeuka rangi ya maziwa, moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto. Ukiona moja ya hizi, ACHA KUWASHA. Hapa panahitajika fundi wa injini mwenye uwezo wa kupeleka hedi ikapimwe nyufa na kusawazishwa kwa mashine. Anayekuambia atabadilisha gasketi tu, bila kupima hedi, mwache.

OILI INAPUNGUA, AU MOSHI WA BLUU

Pima oili gari likiwa mahali tambarare, injini imezimwa kama dakika tano. Ijaze hadi alama ya juu ya dipstiki, andika kilomita, pima tena kila baada ya kilomita 500. Bila namba hizo utabaki kubishana na fundi kwa hisia. Injini iliyotembea sana kupunguza kidogo si ajabu. Lita nzima kwa kilomita 1,000 ni nyingi.

Anza na mivujo ya nje: gasketi ya kava ya tapeti (harufu ya oili kuungua ukisimama kwenye taa), filta ya oili iliyokazwa vibaya, nati ya kumwagia oili iliyoharibiwa meno na wengi waliopita, kisha sili ya mbele ya injini. Hakuna mvujo? Angalia valvu ya PCV, kile kidude kidogo cha kupumulia injini. Itoe uitikise, isipolia imeganda, na injini inavuta oili kupitia huko. Ni bei ya chakula cha mchana na watu wengi wameshusha injini bila kuigusa.

Moshi wa bluu unaotoka asubuhi tu unapowasha, kisha unakata, mara nyingi ni sili za valvu. Ukitoka kila unapokanyaga mafuta, ni ringi za pistoni. Ringi zilizoganda kwa uchafu wakati mwingine hulegea kwa oili nzuri inayobadilishwa mapema: ya kwanza kwa kilomita 1,500, ya pili kwa 3,000, halafu ndipo uende kwenye 5,000. Dawa za kusafisha injini zinazomwagwa na kuzungushwa dakika kumi sizipendekezi kwa injini usiyoijua. Tope likibanduka kwa wingi huziba chujio la pampu ya oili, na hapo umeua kitu kilichokuwa kinaishi.

Na hapa kuna mchezo wa wauzaji. Oili nzito ya 20W-50 huficha moshi na kelele za injini iliyochoka. Ukiweka 5W-30 inayotakiwa na 1NZ ukaona moshi ulioanza "baada ya servisi", oili mpya haijaharibu kitu, imefunua tu. (Injini hiyo inaingiza kama lita 3.7 pamoja na filta. Ukiuziwa galoni ya lita nne, usiimalizie yote.)

ONYO: taa nyekundu ya kopo la oili ikiwaka ukiwa unaendesha, zima injini papo hapo, hata kama gereji ni hatua mia mbili mbele. Pima oili. Ikiwa imejaa na taa bado inawaka, gari livutwe.

INJINI INATETEMEKA, INAKOSA, TAA YA INJINI INAWAKA

Jaribio la kwanza ni la bure. Kanyaga breki, weka D, kisha rudisha N. Likitetemeka kwenye D na kutulia kwenye N, shuku mauntini za injini (mipira inayoishikilia) kabla ya injini yenyewe.

Likitetemeka kote, toa plagi zote nne uzipange kwa mpangilio wa silinda. Mara nyingi utakuta mbili za aina moja na mbili za nyingine, au zisizo za gari hilo kabisa. Weka zote nne za aina inayotakiwa. Kisha koili, zinazozipa plagi umeme wa cheche. Kifaa cha OBD kikisema P0302, silinda ya pili inakosa: hamisha koili ya pili uiweke ya tatu na ya tatu uiweke ya pili, futa kosa, endesha. Likigeuka P0303, koili ndiyo mbaya, nunua moja. Likibaki P0302, koili ni nzima, tafuta kwenye plagi, nozeli au mgandamizo wa silinda. Kwa njia hii hununui koili nne kwa kubahatisha.

Likitetemeka au kuzima likiwa limesimama tu, safisha throtobodi (mlango wa hewa ya injini), na kagua mipira midogo ya hewa nyuma ya injini. Husahaulika kurudishwa kila fundi anaposafisha kitu. Kosa la P0171 (hewa nyingi kuliko mafuta) mara nyingi ni hewa ya wizi kutoka huko, au sensa ya hewa iliyochafuka. Gari likikosa nguvu mwendo wa kasi tu, mlimani hasa, elekea kwenye filta na pampu ya mafuta ndani ya tangi, zinazoumia kwa kuendesha miaka mingi taa ya mafuta ikiwaka.

Taa ya injini ikiwaka bila kupepesa, una muda wa kupima. Ikipepesa, punguza mwendo na usilikimbize. Petroli isiyoungua inakwenda kuchoma katalisti, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi.

HALIWAKI ASUBUHI

Kwanza vichwa vya betri: visugue, vikaze. Betri nzima iliyolala husoma volti 12.6 hivi, chini ya 12.2 ina njaa. Injini ikiwaka lazima usome 13.5 hadi 14.5, pungufu ya hapo ni alteneta au mkanda wake. Likilia "tak" mara moja na kukaa kimya wakati betri imejaa, stata za magari haya huchakaa vile vipande vya shaba vya ndani, na fundi umeme anabadilisha vipande hivyo bila kukuuzia stata nzima. Betri inayokufa kila baada ya siku mbili gari likiwa limelala: chomoa kwanza redio na alamu vilivyofungwa mtaani.

GIA OTOMATIKI INACHELEWA KUINGIA AU INAGONGA

Pasha gari moto, liweke tambarare, injini ikiwaka, gia P, vuta dipstiki ya gia boksi. Mafuta yanatakiwa yawe mekundu na yasiyonuka. Kwenye dipstiki nyingi za Toyota aina ya mafuta imeandikwa palepale, mfano T-IV. Fuata hiyo, si neno "haidroliki" la dukani, kwa sababu chini ya jina hilo huuzwa kila kilicho chekundu. Gia boksi ya CVT (isiyo na gia za hatua) ina mafuta yake peke yake. Ukiweka mengine unaiua.

Yakiwa yamefifia lakini hayanuki kuungua, mwaga yanayotoka kwenye nati, rudisha kiasi kilekile ulichopima, endesha wiki mbili, rudia. Mara tatu zinatosha, bila mashine ya kusukuma. Yakiwa meusi, yananuka kuungua na gia zinateleza, usibadilishe mwenyewe. Nenda kwa fundi wa gia boksi tu, asiyefanya kingine. Likishindwa kutembea, lipandishwe kwenye gari la kubeba au linyanyuliwe magurudumu ya mbele. Kulivuta kwa kamba magurudumu yakizunguka kunakausha gia boksi.

LINAGONGA CHINI, NA MATAIRI

Kugonga kwenye vishimo vidogo huanzia kwenye linki za stebilaiza, spea rahisi. Kisha bushi, kisha mauntini za shokapu. Mlio wa tak-tak-tak ukikata kona hadi mwisho ni joint ya shafti. Boljointi iliyolegea haisubiri mwisho wa mwezi, ikichomoka gurudumu linalala. Na usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Matairi: tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Meno yanaweza kuwa mazuri na mpira umeshakufa.

BREKI

Mafuta ya breki ambayo hujui umri wake yabadilishwe wiki ya kwanza. Hunyonya unyevu hewani, na yakishakuwa na maji huchemka ukishuka mlima mrefu, pedeli inakuwa laini kama unakanyaga sponji. Shuka Kitonga kwa gia ndogo, ukikanyaga na kuachia. Angalia pia rangi na harufu kwenye kikopo. Nimewahi kukuta gari la jirani limeongezewa mafuta mekundu ya gia boksi humo. Mipira yote ya ndani ilikuwa imevimba, na kila kilichoguswa na mafuta yale kikabadilishwa.

Mlio wa chuma kwa chuma ni pedi zimeisha, na kila safari inakula diski. Usukani ukitikisika unapokanyaga, diski zimepinda. Gari likivuta upande mmoja, pistoni ya kaliperi imeganda au mpira wa breki wa upande mmoja umeziba kwa ndani.

Pedeli ikizama hadi chini, au ikishuka yenyewe taratibu ukiwa umeikanyaga, usiliendeshe hata kulipeleka gereji ya mtaa wa pili. Weka mawe kwenye magurudumu, mpigie fundi, aje na vifaa vyake lilipo.